Mkono Baridi Kwenye Mashine: Mwongozo Kamili wa Kutibu Ateri za Fistula kwa Tundu la Sindano

Mzee alikuwa akija na soksi. Ilikuwa Februari, jua la Dar es Salaam linachoma mpaka lami inalainika, naye kila akikaa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu anatoa soksi ya sufu mfukoni na kuuvisha mkono wa kushoto, ule wenye fistula. Sisi wauguzi tulidhani ni kiyoyozi. Tukamwongezea shuka. Wiki ya tatu au ya nne nikamwamkia na kumuuliza mkono unaendeleaje. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Huu nimeubeba tu, si wangu." Nilipoivua ile soksi, ncha ya kidole cha kati ilikuwa nyeusi kama punje ya pilipili manga.

Ncha ile hatukuiokoa. Kiganja kilipona na fistula ikaendelea kufanya kazi, kwa sababu daktari alipitisha waya kwenye tundu la sindano na kupanua kwa puto mahali ateri, mshipa unaopeleka damu mkononi, ilipokuwa imebana: chini ya mtulinga, mbali kabisa na pale sote tulipokuwa tunapaangalia. Kazi yenyewe haikufika saa mbili. Waliochelewa ni sisi.

Nawaandikia wauguzi wenzangu wa vitengo vya dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa), wagonjwa, na ndugu wanaowasindikiza. Kupitisha waya ni kazi ya daktari aliyefunzwa, na sitajifanya naifundisha hapa. Ninachotaka ni tatizo la ateri lionekane mapema, mgonjwa afike mahali panapostahili akiwa na maelezo kamili, na ajue atafanyiwa nini na kwa nini.

Damu inapita wapi

Kwanza neno lenyewe. Kwetu ukitaja fistula, wengi wanafikiria jeraha la uzazi. Nimewahi kuona baba mzima akigoma kusaini fomu kwa sababu aliona anadhalilishwa. Mweleze mtu taratibu: fistula ya dayalisisi ni ateri na vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) za mkono zilizounganishwa na daktari wa upasuaji, ili vena ipate damu ya kasi, inenepe, na ihimili sindano kubwa za mashine. Njia hii ilitangazwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao huko Bronx, New York, na hadi leo ndiyo inayopendelewa kuliko katheta (mrija) ya shingoni, kwa kudumu na kwa kuwa na maambukizi machache.

Lakini kiungo kile, yaani pale ateri na vena zilipounganishwa, kinabadilisha mgawanyo wa damu mkono mzima. Ateri iliyokuwa ikipitisha makumi ya mililita kwa dakika mkono ukiwa umetulia, sasa inatakiwa ipitishe 600, 1,000, wakati mwingine zaidi. Damu hufuata njia nyepesi, na njia nyepesi ni kuingia kwenye vena na kurudi moyoni. Vidole vinapata kinachobaki. Kwa kijana mwenye mishipa mizuri kinachobaki kinatosha, kwa kuwa ateri hutanuka na njia za pembeni hufunguka. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, mvutaji sigara, mtu mzima mwenye ateri zilizoingia chokaa, au mwenye fistula ya kwenye kiwiko, huenda kisitoshe. Hali hiyo tunaiita wizi wa damu. Fistula za kwenye kifundo cha mkono huiba mara chache. Za kwenye kiwiko huiba zaidi.

Hatua ya kwanza: vua, shika, linganisha

Kabla ya kila sindano, weka mikono miwili ya mgonjwa pamoja mbele yako. Tumia mgongo wa kiganja chako kupima joto, kwa sababu ndio unaohisi tofauti ndogo. Tafuta mapigo kwenye kifundo. Bonyeza ukucha uwe mweupe, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde mbili au tatu kurudi wakati mkono wa pili inarudi upesi, andika.

Vitabu vingi vinasema tafuta weupe au ubluu wa ngozi. Kwa ngozi zetu hilo halionekani mgongoni mwa mkono. Angalia kiganja, chini ya kucha, na ncha za vidole. Angalia pia kama misuli ya chini ya kidole gumba imesinyaa, na kama kuna kidonda kidogo pembeni ya ukucha kisichopona.

Kisha uliza, na uulize vizuri. Ukisema "mkono unauma?" wengi watasema hapana, kwa adabu au kwa kuogopa wasije wakafungiwa fistula. Uliza: unashindwa kufunga kifungo? Unaangusha kikombe? Usiku unautoa mkono kitandani ukauning'iniza ili utulie? Maumivu yanaanza saa ngapi tangu mashine iwashwe?

Majibu yanakupa daraja. La kwanza ni ubaridi bila maumivu, fuatilia. La pili ni maumivu wakati wa mashine au wa kufanya kazi. Panga uchunguzi, usingoje kliniki ya miezi mitatu. La tatu ni maumivu ukiwa umetulia, na la nne ni kidonda au kidole kinachokufa. Haya mawili ya mwisho ni safari ya wiki hiyo hiyo, si ya mwezi ujao.

Kipo kipimo cha kidole ambacho muuguzi mzoefu au daktari anaweza kukifanya kitandani. Bonyeza fistula kwa sekunde chache hadi mtetemo wa damu unaousikia kwa vidole ukome. Kama mapigo ya kifundo yanarudi, kiganja kinapata joto na mgonjwa anashusha pumzi, fistula ndiyo inayoiba. Ukiwa na oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, ivishe kidole cha mkono huo: wimbi lililolala likiinuka wakati umebonyeza, umepata ushahidi wa kuandika kwenye barua. Usibonyeze muda mrefu, damu isije ikaganda. Mgonjwa asijaribu nyumbani.

Hatua ya pili: isikilize mashine

Tatizo la pili la ateri halionekani kwenye vidole. Ateri imebana, au sentimita chache za mwanzo za vena karibu na kiungo zimebana, na fistula inakosa damu ya kutosha. Inakuwa laini, imelala, mtetemo hafifu. Fistula changa haikui. Wiki sita zinapita, mshipa bado mwembamba kama uzi.

Jaribu hivi. Bonyeza vena juu ya fistula, kuelekea kwapani. Fistula yenye damu nzuri itajaa papo hapo na kupiga kwa nguvu chini ya vidole vyako. Isipojaa, tatizo liko kwenye kuingia kwa damu, si kutoka. Kipimo hiki hakihitaji hata senti, na bado naona kinarukwa kila siku.

Kwenye mashine, angalia shinikizo la mrija mwekundu, ule unaovuta damu. Ukitumia kasi ileile na sindano ya ukubwa uleule, lakini shinikizo linazidi kushuka chini, likapita hasi 200 hadi hasi 250, na kengele inalia, basi pampu inavuta kwenye kisima kinachokauka. Tunachofanya wengi ni kupunguza kasi kengele inyamaze. Kengele ikinyamaza, mgonjwa anasafishwa nusu nusu, na hakuna aliyeandika kitu. Tafadhali, andika kasi na shinikizo kila kipindi. Namba tatu za vipindi vitatu mfululizo zinamwambia daktari zaidi ya ukurasa mzima wa maneno.

Hatua ya tatu: vipimo, kuanzia kifuani hadi viganjani

Ultrasaundi ya dopla, inayoonyesha damu ikitembea kwa mawimbi ya sauti, ndiyo ya kwanza: haina mionzi, haina dawa. Lakini fomu isiandikwe "dopla ya fistula" tu, maana mpimaji ataangalia sentimita kumi na kukurudishia "kawaida". Andika: ateri yote kuanzia chini ya mtulinga, kwapani, mkono wa juu, hadi ateri mbili za kifundo, pamoja na mwelekeo wa damu chini ya kiungo na kiasi cha damu kwa dakika. Kiasi hicho hupimwa vizuri kwenye ateri ya mkono wa juu, mahali ambapo mtiririko haujavurugika.

Pale penye kifaa, pimwe shinikizo la damu la kidole na ligawanywe kwa la mkono usio na fistula. Uwiano ulio chini ya 0.6 unaunga mkono wizi wa damu, hasa ukipanda fistula inapobonyezwa. Peke yake hautoshi. Wapo wenye uwiano mdogo na mkono usiowasumbua, na tunatibu mtu, si namba.

Mkono wenye fistula haufungwi kifaa cha presha, kila mtu anajua. Kwa hiyo tofauti ya presha kati ya mikono miwili ipimwe kabla ya fistula kutengenezwa. Pengo la 20 au zaidi linaashiria ateri ya chini ya mtulinga imebana. Yule mzee wa soksi, kipimo hicho hakikuwahi kuandikwa kwenye faili lake.

Angiografia, yaani picha ya mishipa kwa eksirei na dawa ya kuionyesha, inakuja mwisho, na mara nyingi inafanyika siku ileile ya matibabu. Daktari anapiga picha kwanza fistula ikiwa wazi, kisha ikiwa imebonyezwa, ili mishipa ya kiganja iliyokuwa na njaa ionekane. Anayekojoa bado aseme, kwa kuwa dawa ya kuonyesha mishipa inaweza kumaliza figo iliyobaki. Mwenye mzio aseme pia. Hewa ya kaboni dioksidi hutumika badala ya dawa hiyo kwenye vena na kwenye ateri za chini ya tumbo, lakini kwenye ateri za mkono isipigwe, maana inaweza kurudi nyuma na kupanda kwenye ubongo.

Hatua ya nne: barua ya rufaa

Tangu 2018 Muhimbili imekuwa ikifundisha radiolojia tiba (tiba za tundu la sindano zinazoongozwa na picha) kwa ushirikiano na madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wahitimu wake wameanza kufanya kazi hizi nyumbani. Nairobi nako zipo hospitali zenye vyumba vya angiografia. Huko mikoani safari ni ndefu, na barua mbovu inamrudisha mtu mara mbili.

Andika tarehe fistula ilipotengenezwa na ipo wapi, daraja la dalili na lini zilianza, shinikizo za mashine, matokeo ya dopla, kisukari, na dawa za kuzuia damu kuganda, hasa warfarini na klopidogreli. Taja upasuaji wa moyo kama upo: aliyepandikiziwa mshipa wa moyo kutoka ateri ya kifuani ya upande wenye fistula anaweza kupata maumivu ya kifua kutokana na wizi huu, na daktari lazima ajue kabla hajagusa ateri ya mtulinga. Mgonjwa asafishwe damu siku moja kabla, ili potasiamu iwe salama na aweze kulala chali bila kubanwa na maji kwenye mapafu. Katika orodha hii yote, hilo la mwisho ndilo linalosahaulika na kuahirisha kazi.

Hatua ya tano: tiba hufuata chanzo

Hapa ndipo watu wanapokosea, wakiwemo madaktari. Mkono baridi ni dalili moja yenye vyanzo kadhaa tofauti, na tiba ya kimoja inaweza kuharibu kingine. Kinachotenganisha ni kiasi cha damu kwenye fistula.

Damu ikiwa kidogo na mkono una njaa, tafuta ateri iliyobana juu ya kiungo. Tiba ni puto. Ganzi ya lignokaini inachomwa, sindano inaingia, waya laini unapita ndani ya sindano, sindano inatolewa na mrija mdogo unabaki. Ni mbinu aliyoieleza Seldinger wa Sweden mwaka 1953, na bado ndiyo mlango wa tiba zote hizi. Njia inaweza kuwa vena ya fistula yenyewe ikielekezwa kinyume kuelekea kiungo, au ateri ya kifundo, au ateri ya paja kwa tatizo la karibu na kifua. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inatolewa. Waya unavuka mahali palipobana, puto linafuata na kujazwa kwa dakika moja au zaidi. Puto la ateri ya kifundo ni la milimita 3 au 4 hivi, la mkono wa juu 5 au 6, la chini ya mtulinga kubwa zaidi. Mgonjwa husikia mkazo au maumivu mafupi. Yakiwa makali aseme mara moja. Ateri ndogo hupenda kujikaza ikiguswa, na nitrogliserini kidogo huilegeza. Stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa wazi, inafaa zaidi chini ya mtulinga, mahali ukuta unaporudi baada ya puto, na iwekwe kwa uangalifu isizibe ateri inayopanda nyuma ya ubongo. Kwenye kiwiko na mahali pa kuchoma sindano, stenti iepukwe.

Damu ikiwa nyingi mno, tuseme zaidi ya lita moja na nusu kwa dakika, na vidole vinalia njaa, usipanue kitu. Ukipanua unamwongezea mwizi mlango. Hapa fistula inapunguzwa. Ipo njia iitwayo MILLER: puto la milimita 4 au 5 linajazwa ndani ya vena karibu na kiungo, daktari anapasua sentimita moja au mbili za ngozi na kufunga uzi wa upasuaji kuzunguka mshipa juu ya puto, kisha puto linatolewa. Upana unaobaki ni ule wa puto, si wa kukisia kwa macho kama ilivyokuwa zamani, ambapo aliyekaza mno aliua fistula na aliyelegeza hakusaidia. Mapigo ya kifundo yapimwe hapo hapo mezani. Naipenda sana njia hii, kwa sababu mgonjwa anarudi kwenye mashine na fistula yake. Tena humfaa mtu ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu yote hiyo.

Damu ikiwa ya wastani, fistula ipo kwenye kifundo, na picha inaonyesha damu ikigeuka kutoka kiganjani kurudi kwenye fistula, wizi unatokea kwa mlango wa nyuma. Ateri ya upande wa kidole gumba, chini ya kiungo, inazibwa kwa koili ndogo za chuma zinazopitishwa kwenye katheta. Sharti moja lisilo na mjadala: ateri ya upande wa kidole kidogo iwe wazi na inalisha kiganja chote. Kama haijathibitishwa kwa picha, koili zisiwekwe.

Kuna wale ambao ugonjwa uko kwenye ateri za chini ya kiwiko, nyembamba na ngumu kwa kisukari. Puto dogo linaweza kusaidia, ila matokeo hayatabiriki. Hapo daktari wa upasuaji wa mishipa aitwe mapema. Kuna upasuaji wa kupitisha damu kando, na kuna wakati jibu ni kuifunga fistula. Kuifunga si kushindwa kama mkono umeokoka.

Uvimbe unaopiga ni habari nyingine. Sindano ya mashine ikichoma ateri yenyewe kwa bahati mbaya, damu huvuja na kutengeneza kifuko nje ya ukuta. Kidogo na chenye shingo nyembamba kinaweza kubanwa kwa kifaa cha ultrasaundi, au kuchomwa thrombini, dawa ya kugandisha damu, chini ya ultrasaundi. Kikubwa kinaweza kuzibwa kwa stenti iliyovishwa kitambaa. Kikiwa na usaha au homa, stenti isiwekwe, ni upasuaji. Ngozi juu yake iking'aa, ikawa nyembamba au ina kigaga, mgonjwa asirudi nyumbani siku hiyo.

Yasiyosubiri kesho

Fistula iliyoziba kwa damu iliyoganda huzibuliwa kwa katheta, na kipande kinaweza kuteleza kuingia ateri ya mkono. Mgonjwa ghafla anasema vidole vimekufa. Muda wa misuli unahesabika kwa saa chache. Daktari anaweza kukinyonya kwa katheta, kukiyeyusha kwa dawa, au kuziba ateri kwa puto juu ya kiungo huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi, ili damu ya kiganja isukume kipande kirudi kwenye fistula. Hiyo ya mwisho ni nzuri mno kuiona ikifanikiwa. Hayo yasiposaidia, chumba cha upasuaji.

Ateri ikipasuka wakati wa kupanuliwa, puto hujazwa tena polepole mahali pale kuzuia damu, na stenti iliyovishwa huandaliwa.

Na hili linadanganya wengi: mwenye kisukari, fistula mpya ya kiwiko, saa chache baada ya upasuaji mkono una joto, mapigo yapo, lakini vidole haviinuki na vinachoma kama moto. Hiyo ni mishipa ya fahamu inayokufa kwa kukosa damu. Mwite daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, afunge fistula. Usiseme ganzi haijaisha.

Nyumbani, damu ikiruka kwenye fistula: kidole kimoja au viwili, moja kwa moja juu ya tundu, bonyeza kwa nguvu, inua mkono, piga kelele usaidiwe. Usirundike taulo, taulo linaficha damu, halibani tundu.

Baada ya tundu kufungwa

Bana tundu mpaka damu ikome, bila kuua mtetemo. Kwa saa za mwanzo pima joto la vidole, mapigo na mtetemo kila dakika 15, kisha kila nusu saa. Presha isiachwe ishuke mno kwenye mashine inayofuata. Mkono uliotoka kwenye njaa haupendi presha ya chini, kwa hiyo maji yavutwe taratibu. Sehemu iliyowekwa stenti isichomwe sindano. Aspirini au nyingineyo iendelee kama daktari alivyoandika, si kama jirani anavyoshauri.

Nyumbani, kila asubuhi gusa fistula kabla hujatoka kitandani. Usilalie mkono huo, usibebee ndoo, usiuvishe saa ya kubana. Usichome mkono kwa maji ya moto wala jiko ukidhani unaupasha. Mkono wenye ganzi unaungua bila habari.

Dopla irudiwe baada ya wiki nne hadi sita, maana palipopanuliwa panaweza kubana tena. Sisi siku hizi tumebandika kipande cha karatasi ndani ya jalada la kila faili, chenye safu nne: joto la mikono, mapigo, kasi, shinikizo. Kinajazwa kabla ya sindano, na aliyekuja na soksi au glovu huandikwa kwa wino mwekundu.